Kabla ya Nukta Kuwekwa kwenye Ramani

Swali: Mwalimu, mimi ni msichana wa miaka 24, mkaazi wa Nyalenda hapa Kisumu. Nimepewa jukumu la kusimamia vijana 12 katika feloshipu ya miezi sita ya kukusanya historia na hadithi za mitaa na vijiji vyetu na kuziweka kwenye ramani ya mtandaoni. Wafadhili wanataka tuanze kuweka nukta kwenye ramani katika wiki ya pili, lakini tumekwama hata kabla hatujaanza. Mzee mmoja wa Kiluo na mama mmoja wa Kiluhya wametueleza asili mbili tofauti za jina Kisumu, kila mmoja akishikilia kwamba ni neno la lugha yake. Familia moja upande wa Seme imekataa gunda, yaani boma la zamani la babu yao, lionekane kwenye ramani. Na mzee mwingine anadai shilingi 1,000 kabla hajasema lolote. Tuanzie wapi?

Jibu: Binti yangu, nianze na ratiba ya wafadhili, kwa sababu hiyo ndiyo itakayowaponza msipoiomba ibadilishwe mapema. Nukta katika wiki ya pili ni haraka mno, nami ningewaandikia barua leo kuomba kwamba ramani ianze mwezi wa nne, na miezi mitatu ya kwanza iwe ya kusikiliza, kurekodi na kunakili. Anayeitazama ramani hamwoni mzee akisita, hamsikii akisema "nadhani" au "hivyo ndivyo nilivyoambiwa". Anaona alama na jina, na alama hiyo huonekana kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Katika sehemu zetu hizi, jambo lililothibitishwa kuhusu mahali ni jambo linalohusu ardhi, hata kama msimulizi alikusudia kuwafurahisha wajukuu tu. Matatizo yote matatu uliyoyataja yanatoka hapo.

Chukua mfano wa gunda. Wasiojua Kiluo wataambiwa kwamba ni boma lililohamwa, na kwa jicho la kijana wa mjini ni kichaka tu chenye mawe ya kusagia, vigae na mabaki ya ua wa minyaa. Kwa familia, hilo ni ushahidi kwamba babu yao aliishi pale na pengine kuzikwa pale. Wenye umri wangu hatujasahau kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, ambayo kwa miezi kadhaa, hadi Mei 1987, iliifanya nchi nzima ifuatilie mahakamani mabishano juu ya mahali pa kaburi moja, hadi akazikwa Nyalgunga huko Siaya. Yaliyosemwa mahakamani siku zile kuhusu kaburi, nyumba na asili ya mtu ndiyo yanayosemwa mpaka leo chini ya miembe wakati wa kugawana mashamba. Kadhalika neno jadak, yaani mtu aliyekaribishwa kukaa kwenye ardhi ya ukoo usio wake, laweza kutamkwa kwa upole katika simulizi ya mzee, kisha likaanikwa mtandaoni na kuwatia hofu watu ambao vizazi vitatu au vinne vyao vimezaliwa pale pale.

Kwa hiyo familia ya Seme isishawishiwe. Msiweke nukta, wala msiweke nukta ya kukisia iliyosogezwa pembeni, kwa maana majirani watajua tu. Mkiwa na bahati watakubali msimulizi wao arekodiwe kwa masharti kwamba sauti ikae kwao na nakala moja ifungiwe mahali mlipokubaliana. Ningependa vijana wako wajue tangu siku ya kwanza kwamba mambo ya namna hii yana ngazi zake. Yapo yanayoweza kutazamwa na dunia nzima, kama vile soko la Kibuye au kituo cha reli. Yapo ambayo wenyeji wenyewe wanayaweka wazi lakini hawataki njia ya kuyafikia ielezwe, na hapo mnaweza kuonyesha eneo kwa majira yake, yaani namba za latitudo na longitudo, yenye tarakimu mbili tu baada ya nukta ya desimali, jambo linaloacha nafasi ya takriban kilomita moja. Na yapo ambayo hayaendi popote nje ya familia au ukoo. Uamuzi wa ngazi ni wa msimulizi na watu wake. Mfadhili akiuliza kwa nini nukta ni chache, mwonyesheni orodha ya mliyoombwa msiyaonyeshe, bila majina, kwa idadi tu. Kwangu mimi hiyo ni kazi iliyofanyika.

Hapa lazima niseme neno kuhusu vyombo, kwa sababu vijana wengi huanza moja kwa moja kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, nami naipenda. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na mwaka 2009 vijana wa Kibera waliitumia kuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani za kawaida ulikuwa karibu mtupu. Ila izingatieni tabia yake. Data yake ni huria, yaani mtu yeyote anaweza kuichukua na kuitumia, na historia ya kila badiliko huhifadhiwa, kwa hiyo kufuta hakurudishi siri. Pia kanuni yake ni kuonyesha kilichopo leo. Banda la samaki lililobomolewa, landi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi wake, zilizovunjwa, boma lisilo na alama yoyote ardhini, hayo mahali pake si humo, bali kwenye OpenHistoricalMap, ramani ya namna hiyo hiyo kwa mambo ya zamani, au kwenye tabaka la ramani lenu wenyewe mlilolitengeneza kwa programu kama uMap au QGIS. Humo OpenStreetMap mnaweza kufanya jambo moja lenye faida ya kudumu ambalo halimtishi mtu, nalo ni kuongeza majina ya mahali kwa lugha za wenyeji. Kuna sehemu ya jina la Kiluo, ya Kiswahili, ya jina la zamani na ya jina la mtaani, na katika mitaa mingi ya Kisumu sehemu hizo bado ni tupu.

Sasa jina Kisumu. Mzee wako wa Kiluo huenda amewaambia kuhusu mahali pa kubadilishana chakula, na mama wa Kiluhya kuhusu safari ya kutafuta chakula wakati wa njaa, ambayo nayo kwa lugha yake huitwa kwa neno la sauti hiyo hiyo. Msijifanye waamuzi. Andikeni maelezo yote mawili kwenye nukta moja, kila moja na lugha ya msimulizi na mahali alipokulia, kisha muyatazame pamoja. Yote mawili yanakumbuka watu waliokuja na kikapu mgongoni wakitafuta nafaka kwa wenzao wa lugha nyingine. Mabishano hayo ndiyo historia yenyewe, kwa maana yanaonyesha kwamba hapa palikuwa mpakani, mahali ambapo pande mbili zilikutana kwa shida. Juu yake ongezeni jina la tatu: reli ilipofika ziwani Desemba 1901, kituo kiliitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston, na hadi 1902 upande huu wote ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Anayetafuta habari za Kisumu ya miaka hiyo na akaandika "Kisumu, Kenya" tu atapitwa na mengi.

Lililo muhimu zaidi ya kuandika maelezo mawili ni kuuliza kila mmoja: "Wewe ulisikia kwa nani?" Wanaofahamu elimu ya hadithi za Mtume wanajua jinsi wapokezi wanavyotajwa mmoja baada ya mwingine, na uzito wa habari ukapimwa kwa mnyororo huo. Fanyeni vivyo hivyo. Habari ambayo mama aliipata kwa nyanya yake aliyekuwa akienda sokoni si sawa na ile aliyoisikia redioni mwaka jana, ingawa zote mbili atazisema kwa sauti ile ile ya uhakika. Profesa Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem aliyefariki mwaka 2025, alipoanza kukusanya masimulizi ya mdomo ya Waluo, wasomi wengi bado waliamini kwamba pasipo maandishi hapana historia. Kilichoifanya kazi kama yake iheshimiwe ni kulinganisha msimulizi na msimulizi, ukoo na ukoo, na kuhesabu vizazi badala ya kubuni miaka.

Miaka ndiyo inayowasumbua zaidi vijana. Humuuliza mzee "ilikuwa mwaka gani?", naye kwa adabu huwatajia mwaka wowote. Tengenezeni kalenda ya matukio kabla ya kutoka nje, ukurasa mmoja tu: mkutano wa Piny Owacho, wa kupinga dhuluma za wakoloni, kule Lundha, Gem, Desemba 1921, dhahabu ya Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, mvua kubwa za 1961 na 1962, ambazo watu huziita mvua za uhuru, kuuawa kwa Tom Mboya Julai 1969 na milio ya risasi ya Kisumu, siku ya ziara ya Rais Kenyatta, Oktoba ya mwaka huo huo, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, kulikovuruga kazi ya bandari na meli, jaribio la mapinduzi Agosti 1982. Kisha ulizeni: "Hilo lilikuwa kabla ya mvua za uhuru au baada yake? Ulikuwa umeolewa?" Mtapata jibu la kweli lenye upana wa miaka miwili mitatu, na mtaliandika hivyo hivyo, bila kulinyoosha. Tahadhari kuhusu 1969: wapo wanaoisimulia siku ile kwa utulivu na wapo wasioweza. Kijana asiliulize swali hilo kwanza, wala asimwache msimulizi peke yake mara tu baada ya kulijibu.

Na nukta yoyote isiyo na wakati ni nusu ya nukta, hasa kwenu mlio kando ya ziwa. Mei 2020 kipimo cha maji ya Ziwa Victoria kule Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42 na kuipita kwa sentimita moja rekodi ya 1964. Wavuvi wa Dunga wanaweza kuwaonyesha mahali ambapo mashua zilifungwa walipokuwa watoto, nanyi mkakuta pamefunikwa na maji, au pako mbali na maji, kutegemea ni mwaka gani wanaouzungumzia. Wenzenu wa Nakuru wana tatizo hilo hilo, maana ziwa lao limepanuka tangu karibu 2010 hadi likalimeza lango kuu la zamani la mbuga.

Mbinu ninayoiamini kuliko zote ni kumwomba msimulizi awatembeze. Picha ya setilaiti huwachanganya wazee wengi, lakini njia wanazijua kwa miguu. Tembeeni naye taratibu, mmoja wenu akishika kinasa sauti, mwingine akiandika na kuhifadhi majira ya mahali. Swali la kwanza lisiwe "ni nani alifika hapa kwanza?" Hilo ndilo swali baya kuliko yote, kwa sababu ni swali la mahakama ya ardhi, na kila anayelisikia hujipanga kwa kesi. Ulizeni: "Mlikuwa mkichota maji wapi?" Sijaona mtu akilishuku. Maji yatawapeleka kwenye kijito, kijito kwenye njia, njia kwenye soko, na soko kwenye watu waliokutana, waliopigana, waliooana. Msichana mmoja niliyemfundisha alipata kwa swali hilo saa mbili za simulizi kutoka kwa nyanya ambaye wavulana walikuwa wametuambia kwamba hana la kusema. Ndiyo maana nasisitiza vijana watoke wawili wawili, mvulana na msichana, na katika kila jozi awepo anayeijua vizuri lugha ya msimulizi. Mzee asimulie kwa lugha yake, iwe Kiluo, Kinubi, Kinandi, Kilogoli au Kigujarati. Tafsiri itakuja baadaye. Na msisahau kwamba mji huu una Wahindi na Wanubi ambao kumbukumbu zao za reli na biashara ni ndefu kama za mtu mwingine yeyote.

Hesabu ya kazi ifanyeni kwa penseli kabla ya kuahidi lolote. Jozi sita zikirekodi watu wanane kila moja ni rekodi 48. Tuseme kila moja ni saa moja. Kunakili saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kwa mtu aliyezoea, na wenu hawajazoea, kwa hiyo mkichukua sita ni saa 288, yaani saa 24 kwa kila kijana bila tafsiri. Inawezekana, lakini mkiahidi rekodi 100 mtaishia na mafaili ambayo hayatasikilizwa tena na mtu. Simu ya kawaida inatosha kurekodi: izimeni mitandao ili isikatizwe na mpigaji, msirekodi chini ya mabati wakati wa mvua, na muhifadhi katika mfumo wa WAV, ambao kwa sauti ya mkondo mmoja huchukua takriban megabaiti 300 kwa saa. Nakala ziwe tatu, mojawapo nje ya Kisumu. Faili lisiitwe kwa jina la mzee.

Kuna kosa dogo ambalo limenipata mimi mwenyewe zaidi ya mara moja. Kisumu iko kusini kidogo mwa ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza ya majira yake huanza na alama ya kutoa. Ikidondoka wakati wa kunakili kutoka daftari, Kibuye inaruka kilomita ishirini hivi kaskazini na kutua kwenye vilima vya Vihiga, na nukta za mji wa Nakuru zinatua karibu na Ziwa Bogoria. Jina peke yake halitawaokoa, kwani kuna Kaloleni Kisumu, Kaloleni Nakuru, Nairobi, Kilifi, na nyingine Arusha na Moshi. Kila siku jioni mtu mmoja afungue ramani na kuangalia kama nukta za siku zimekaa zilipopaswa kukaa.

Kuhusu ruhusa, nendeni kwa chifu na naibu wake kwanza, kisha kwa mzee wa kijiji, mkiwa na barua. Msiandike feloshipu bila maelezo, kwa sababu vijijini neno hilo ni maombi ya jioni, na mtakuta viti vimepangwa na kwaya inawangoja. Semeni ni mafunzo ya vijana ya kukusanya historia. Idhini ya msimulizi iwe ya maandishi au ya sauti mwanzoni mwa rekodi, iseme wazi sauti itatumika wapi, na imwambie kwamba anaweza kuiondoa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka hivyo, na kwa aliye chini ya miaka 18 ni mzazi au mlezi anayeidhinisha, awe msimulizi au mmoja wa vijana wako. Nyimbo, tambiko na maarifa ya dawa ni jambo jingine, maana Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inayatambua kuwa ya jamii, si ya mtu mmoja, hivyo idhini ya mzee mmoja haitoshi. Na mahali pa kale kama Kit Mikayi au kuta za mawe za Thimlich Ohinga, ambazo zimekuwa Urithi wa Dunia tangu 2018, msiokote hata kigae. Pigeni picha, andikeni, ondokeni.

Limebaki la yule mzee na shilingi 1,000 zake. Usimdharau, kwani pengine amewahi kusimulia kwa watu waliopanda gari na kutoweka na sauti yake. Lakini msinunue simulizi, maana mkimlipa yeye kwa maneno, wiki ijayo kila mlango utakuwa na bei, na hadithi zitarefuka kulingana na bei. Weka kiasi kimoja kwa wasimulizi wote, kiitwe nauli na chai, kitolewe baada ya mazungumzo, na kiandikwe kwenye barua ya mwanzo ili kisiwe siri. Mwambie pia kwamba atapelekewa sauti yake kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu pamoja na nakala iliyochapishwa ya maneno yake, na kwamba hakuna kitakachowekwa kwenye ramani kabla hajasomewa. Akikataa bado, aganeni naye kwa heshima na mwende kwa jirani. Mara nyingi huwaita mwenyewe akisikia jirani amekosea.